Beit el Ajaib: jumba la Sultani lililokuja kuwa nyumba ya mtepe

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit el Ajaib, jumba la zamani la Sultani mjini Zanzibar, pamoja na mnara wake wa saa, iliporomoka mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walifariki. Ukarabati uliokuwa ukiendelea ulifadhiliwa na Oman.

Historia ya jumba hilo wengi wanaijua. Sultan Barghash alilijenga mwaka 1883, mizinga ya Waingereza ya 27 Agosti 1896 ikaliacha limesimama, kisha likawa ofisi za wakoloni. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na serikali na chama.

Kwangu mimi, enzi yake bora ilianza miaka ya 2000 mwanzoni, lilipofanywa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili. Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria aliyekuwa nguzo ya kazi hiyo, ameandika sana juu ya majahazi na bahari, na bahari ndiyo iliyopewa ukumbi mkuu. Pale katikati uliwekwa mtepe, chombo cha bahari cha kushonwa cha Waswahili.

Mtepe ulikuwa umeshatoweka katika maji yetu tangu karne iliyopita. Huu, ulioitwa Shungwaya, ulijengwa upya Unguja mwaka 2003 kwa ufundi wa zamani. Hautumii msumari hata mmoja. Mbao hutobolewa kwa keke, zikashonwa kwa kamba za usumba, mshono kwa mshono, na matundu yakazibwa maji yasipenye. Tanga lake ni la mraba, limesukwa kwa miyaa kama mkeka wa kulalia. Omo limenyanyuka kama shingo ya ngamia, na wazee wa pwani walisimulia kuwa ni kwa heshima ya ngamia wa Mtume. Mtoto wa skuli aliyesimama chini yake aliweza kuhesabu mishono, akaona babu zake walikuwa wahandisi.

Vyumba vya pembeni vilikuwa na kanga na vyombo vya nyumbani. Ndani ya kasri la mfalme, mtu wa kawaida alikuta maisha yake yametunzwa kwa heshima.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ikaanguka, milango ikafungwa. Miaka minane ikapita hadi ile Krismasi, na hilo ni aibu yetu sote.

Serikali imeahidi kulijenga upya. Mazungumzo ninayoyasikia ni ya kuta, nguzo na saa. Watuambie pia mtepe utakaa wapi, nani atafundisha vijana kuushona, na Mzanzibari atalipa kiasi gani mlangoni.