Sikio Linaenda Wapi?

Nilipoacha chuo, shangazi aliniuliza sasa nitakuwa nasoma nini. Auntie, nasoma habari za masikio ya ng'ombe.

Kule Marekani, ng'ombe wa kunenepeshwa huwekewa kipandikizi, vidonge vidogo vya homoni. Sheria yake iko wazi: chini ya ngozi, nyuma ya sikio, pale katikati. Usichome gegedu. Sindano iwe safi, maana sikio likitunga usaha dawa haifanyi kazi vizuri. Mbona sikio lakini? Kwa sababu kwao, ng'ombe akichinjwa, sikio hutupwa.

Hiyo akili ilianza na kuku. Mwaka 1947 waliruhusu kidonge cha DES, homoni ya kike ya maabara iliyotengenezwa Uingereza 1938, kiwekwe kwa shingo ya jogoo, juu karibu na kichwa. Hesabu yao: kichwa kinatupwa, shida imeisha.

Wapi! Wafugaji wa minki, wale wanyama wa makoti ya manyoya, walikuwa wanalisha minki wao hayo mabaki. Minki wakaacha kuzaa. Mwaka 1959 DES ikaondolewa kwa kuku, lakini kwa ng'ombe ikabaki.

Halafu 1971, madaktari wa Boston wakaihusisha DES na saratani adimu ya uke kwa wasichana ambao mama zao walipewa dawa hiyo wakiwa wajawazito. Hawa waliipata hospitalini, si kwa nyama, tusidanganyane. Hata hivyo serikali na makampuni walivutana mahakamani mpaka 1979 ndipo ikapigwa marufuku kwa mifugo. Na 1980 wafugaji wakashikwa bado wanaiweka kinyemela.

Vipandikizi vya leo havina DES. Marekani inasema ni salama vikitumiwa kama lebo inavyosema. Ulaya ilikataa nyama hiyo 1989 na bado wanabishana. Mimi siogopi homoni yenyewe sana. Naogopa lile neno "hutupwa".

Juu hapa kwetu nani anatupa kichwa? Asubuhi ya baridi, sufuria inatokota, unachotewa supu ya kichwa kwa kikombe, na sikio limo humo ndani. Kwa hivyo siku mtu atakuja kuniuzia hii teknolojia akinihesabia kilo, nitamkaribisha supu kwanza, halafu anieleze hiyo lebo yake ikiwa mezani.