Ruzuku na Rangi katika Bonde la Kilombero

Ubaguzi wa rangi katika bonde la Kilombero haukujengwa juu ya mabango ya kuwafukuza Waafrika hotelini, wala juu ya mashamba makubwa ya walowezi kama ilivyokuwa katika baadhi ya nyanda za juu za Tanganyika, bali uliingia kimyakimya kupitia bajeti. Chombo kilichoubeba kwa miaka mingi kilikuwa ruzuku, yaani fedha ambazo serikali, mfuko au mfadhili huzitoa kwa shule, zahanati au jumuiya ya watu bila kudai zirudishwe, lakini kwa masharti yanayoamua nani anastahili, afanye nini na amwonyeshe nani hesabu zake. Anayetaka kuelewa jinsi Ifakara ilivyotoka katika utawala wa matabaka ya rangi hadi kuwa na taasisi zinazoongozwa na wenyeji hana budi kuzifuata fedha hizo, kwa kuwa usawa wa rangi ulitangazwa kisiasa mwaka 1961 ilhali katika vitabu vya hesabu ulichukua miongo mingi zaidi.

Chimbuko la mambo ni Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926, iliyotungwa chini ya Gavana Donald Cameron, ambayo iliwaweka machifu kuwa ngazi ya chini ya utawala wa Kiingereza na kuwaruhusu kuwa na hazina zao. Hazina ya wenyeji ilipata mgao wa kodi ya nyumba na kodi ya kichwa pamoja na ada za baraza na faini, na kutoka humo walilipwa machifu, makarani, matarishi na wale wahudumu wa afya waliojulikana kwa jina la madresa, ambao waliosha vidonda na kugawa dawa chache katika vijumba vya udongo. Katika wilaya ya Ulanga, ambayo wakati huo ilijumuisha Ifakara, walipakodi walikuwa hasa Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena, na kodi yao ilitokana kwa kiasi kikubwa na mpunga na pamba walizouza kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Utaratibu huo uliwapa Waafrika mfuko wao kwa jina, lakini bajeti ya mfuko ilihitaji idhini ya ofisa wa Kizungu, na huduma iliyoweza kununuliwa kwa mapato hayo madogo ilikuwa ya kiwango cha chini tangu mwanzo. Kwa hiyo Mwafrika wa Ifakara alijilipia udresa wake mwenyewe, na hali hiyo ikaitwa kujitawala.

Elimu ilikuwa na njia nyingine. Wamisionari Wabenediktini walikuwa wamefika nyanda za Mahenge mwanzoni mwa karne ya 20 na kuianzisha misheni ya Kwiro, na baada ya Wajerumani kufukuzwa nchini kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kazi ya eneo hilo ilishikwa mwaka 1921 na Wakapuchini kutoka Uswisi, wakisaidiwa na masista wa Baldegg. Mwaka 1925 serikali ilikutana na wakuu wa misheni mjini Dar es Salaam, na sheria ya elimu iliyofuata mwaka 1927 ikaweka msingi wa ruzuku kwa shule za mashirika ya dini. Kanuni yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza: shule ilipaswa kufuata mtaala wa serikali, kukubali mkaguzi na kuwa na walimu wenye vyeti, ndipo serikali ichangie mishahara ya walimu hao. Shule ya kijijini iliyoendeshwa na katekista asiye na cheti, chini ya mwembe au katika kanisa la makuti, haikupata kitu. Hapana shaka masharti hayo yaliinua ubora wa ufundishaji. Lakini katika bonde ambalo mafuriko ya masika hulitenga kijiji na kijiji kwa miezi, ambako mkaguzi hakufika kwa urahisi na mwalimu mwenye cheti hakukubali kukaa, masharti yaliyoandikwa bila kutaja kabila wala rangi yaliwaacha nje watoto wengi wa Kiafrika waliokuwa mbali na mto, barabara na misheni.

Juu ya msingi huo serikali ilijenga ukuta wa wazi zaidi. Elimu ya Tanganyika iligawanywa katika mafungu matatu, la Wazungu, la Waasia na la Waafrika, na kila fungu likawa na shule zake na gharama zake kwa kila mwanafunzi. Kielelezo bora cha fikra hiyo kilitokea katika miaka ya 1950, pale fedha zilizotokana na kuuzwa kwa mali za Wajerumani zilizotaifishwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilipotengwa kwa ajili ya elimu, kisha zikagawanywa sawasawa kwa rangi tatu. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8, ilhali Wazungu walikuwa takriban elfu 20 tu. Theluthi ya Wazungu ilisaidia kujenga shule ya bweni ya St Michael's and St George's huko Iringa, majengo ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, na theluthi ya Waafrika ikatakiwa itoshe nchi nzima, Ulanga ikiwemo. Mgao huo ulikuwa ndugu wa siasa ya Gavana Edward Twining, ambayo mwaka 1955 ililipa Baraza la Kutunga Sheria wajumbe 30 wasio maofisa wa serikali, 10 kwa kila rangi, na ambayo chama cha siasa cha Waafrika, TANU, kiliipinga kwa hoja ileile: kuzipa rangi mafungu yanayolingana si kuwapa watu haki zinazolingana. Katika historia yote ya ruzuku nchini, ni vigumu kupata mfano mwingine ambapo hesabu sahihi ilizaa dhuluma kubwa kiasi hicho.

Waafrika hawakukaa wakisubiri. Chama cha wazazi wa Kiafrika, TAPA, kilichoanzishwa mwaka 1955, kilifungua shule za kujitegemea katika sehemu nyingi za nchi kwa michango ya wazazi, zikiwa nje ya utaratibu wa ruzuku na mara nyingi zikitazamwa na maofisa wa elimu kwa jicho la shaka. Upande wa Waislamu, Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1945 kwa msukumo wa Aga Khan III, ilitumia kanuni ya kuchangia nusu kwa nusu: waumini wa mahali wakikusanya shilingi, Aga Khan aliongeza shilingi nyingine, na kwa njia hiyo misikiti na shule za Waafrika Waislamu zilijengwa pwani na bara. Jumuiya hiyo ilikuwa miongoni mwa mifuko michache ya wakati huo iliyovuka mpaka wa rangi kwa makusudi. Hata hivyo, kwa kuwa fedha na uongozi wake wa juu vilionekana kuwa mikononi mwa Waasia, swali la nani anaamua liliendelea kuifuata hadi serikali ilipoipiga marufuku mwaka 1968 na mahali pake pakachukuliwa na baraza la Waislamu, BAKWATA.

Ifakara yenyewe ilikutana na swali hilo kupitia tiba. Profesa Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyoundwa mjini Basel mwaka 1943, alifika Ifakara mwaka 1949, na mwaka 1957 taasisi yake ikafungua maabara ndogo karibu na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Kazi ya awali ilihusu wadudu waenezao maradhi: mbung'o waletao malale, na papasi, wale kupe laini wanaojificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo na kutoka usiku kunyonya damu ya waliolala, wakiwaachia homa ya kurudiarudia. Wenyeji waliwaongoza watafiti hadi ndani ya nyumba, wakawaonyesha mahali pa kuchokonoa na kuwabebea mizigo, lakini jina la mtafiti juu ya chapisho lilikuwa la Mswisi, na bajeti ilipangwa Basel.

Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, kilifunguliwa Ifakara kituo cha mafunzo kwa fedha za mfuko ulioanzishwa na makampuni ya dawa na kemikali ya Basel kwa ajili ya kusaidia nchi zinazoendelea. Wakati huo madaktari Waafrika waliosajiliwa Tanganyika nzima walikuwa wa kuhesabika, na kwa hiyo kufundisha waganga wa vijijini kulikuwa hatua ya usawa wa rangi kwa maana yake halisi, hata kama wafadhili waliiita maendeleo tu. Kituo hicho kilikuja kuwa chuo cha kufundishia waganga na baadaye madaktari wasaidizi, na wahitimu wake wakatawanyika katika mikoa yote. Kwa tathmini ya haki, hakuna ruzuku ya kigeni iliyotumika vizuri zaidi bondeni, kwa sababu ilibaki katika vichwa vya watu ambao hawakuhitaji kuomba ruhusa Basel ili wawatibu wagonjwa wa Mlimba au Malinyi.

Serikali ya uhuru iliondoa matabaka kwa sheria. Kuanzia Januari 1962 shule zote ziliwekwa katika mfumo mmoja, na sheria ya elimu ya mwaka 1969 ikazitwaa shule zilizokuwa zikipokea ruzuku na kuzifanya za umma. Ndani ya Kanisa nako uongozi ulibadilika: Jimbo la Mahenge lilipoundwa mwaka 1964 lilikabidhiwa Askofu Elias Mchonde, Mtanzania. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ilibaki mali ya Kanisa, lakini katika miaka ya 1970 iliingia katika mpango wa hospitali teule za wilaya, ambapo serikali hulipa mishahara na sehemu ya gharama za uendeshaji, na mwenye hospitali hukubali kuhudumia wilaya nzima kama hospitali ya serikali. Mpango huo ulikuwa ruzuku ya aina mpya kabisa, kwa kuwa safari hii mtoaji alikuwa Mwafrika na mpokeaji alikuwa shirika lililozaliwa Ulaya.

Maabara ya Waswisi ndiyo iliyochelewa kuliko vyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado iliongozwa kutoka Basel, na ni katika muongo uliofuata tu ndipo ilipofungamanishwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na kupata mkurugenzi Mtanzania, Dkt. Andrew Kitua. Mwaka 1996 ilisajiliwa kuwa amana ya Kitanzania, yaani chombo cha kisheria ambacho mali zake husimamiwa na wadhamini kwa manufaa ya umma, na mwaka 2008 ikapata jina la Taasisi ya Afya Ifakara. Mabadiliko hayo yanafaa kutazamwa kwa makini kuliko sherehe yoyote ya kukabidhiana funguo, maana kuanzia hapo ombi la fedha liliweza kuandikwa Ifakara, kutiwa saini Ifakara na kuwajibikiwa Ifakara. Mradi mkubwa wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, uliotumia maduka ya kawaida na hati punguzo kwa wajawazito, uliandaliwa katika mazingira hayo, na mafunzo yake yaliingia katika mpango wa taifa wa hati punguzo ulioanza mwaka 2004. Fedha zilitoka nje kama zamani, na haifai kulificha jambo hilo: mfadhili bado huchagua ugonjwa anaotaka utafitiwe. Lakini kati ya kuchagua ugonjwa na kuchagua nani atakuwa bwana na nani mbeba mizigo kuna umbali mkubwa.

Katika ngazi ya kijiji na kata, rangi imetoweka kabisa katika masharti ya fedha za umma. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri zote, ya Mji wa Ifakara ikiwamo, kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo si ruzuku kamili, kwani hurejeshwa, ingawa bila riba, na utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Tofauti yake na hazina ya wenyeji ya mwaka 1926 ni kwamba bajeti yake hupitishwa na madiwani waliochaguliwa na walipakodi haohao, na kikundi cha Ifakara kilichonyimwa mkopo kina haki ya kwenda kumuuliza diwani wake sababu.