Magego ya mwisho: kung'oa au kuacha?

Magego ya mwisho, ambayo watu wengi huyaita meno ya akili, ndiyo yanayochelewa kuliko meno yote kuota. Kwa kawaida huchomoza kati ya umri wa miaka 17 na 25, moja katika kila pembe ya kinywa, yaani manne kwa jumla. Baadhi ya watu huota machache zaidi, na wengine hawayaoti kabisa.

Gego lililopata nafasi na kusimama wima hutafuna kama mengine. Taabu huanza pale taya linapokosa nafasi. Hapo gego hulala upande likasukuma jino la jirani, au huchomoza nusu na kubaki limefunikwa na ufizi, ambamo chakula na vijidudu hujificha.

Ushauri unaotofautiana

Mwafrika Mashariki anayeishi Uingereza na nduguye aliyeko Marekani wanaweza kupewa ushauri tofauti kuhusu meno yanayofanana.

Mwaka 2000, taasisi ya NICE, ambayo hutoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, ilielekeza kwamba huduma ya afya ya umma iache desturi ya kung'oa magego yaliyobanwa lakini yasiyo na ugonjwa. Nchini Marekani, madaktari wengi wamekuwa wakipendekeza yang'olewe mapema, kijana anapokaribia umri wa miaka 20.

Wanaotetea kung'oa mapema husema kwamba katika umri huo mizizi ya gego haijakomaa, mfupa wa taya bado si mgumu sana, na kidonda hupona upesi. Wanaopinga hujibu kwamba magego mengi yaliyobanwa hayaleti madhara, na kwamba upasuaji wowote una hatari zake.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na shirika la Cochrane mwaka 2020 yalihitimisha kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha wala kukanusha manufaa ya kung'oa gego lisilo na ugonjwa. Aidha, imani kwamba magego hayo ndiyo yanayopinda meno ya mbele haina uthibitisho madhubuti.

Wakati wa kung'oa

Wataalamu hawana mvutano mkubwa pale ugonjwa unapojitokeza. Gego hung'olewa likioza kiasi cha kutozibika, likiharibu jino la jirani, likizungukwa na kifuko cha majimaji ndani ya taya, au ufizi wake ukivimba na kutunga usaha mara kwa mara. Uvimbe wa mara moja tu, usipokuwa mkali, mara nyingi hutibiwa kwa kusafishwa na gego likaachwa.

Hatari zilizopo

Kabla ya kuamua, daktari hupiga picha ya eksirei ili kuona mizizi ilivyokaa. Magego ya chini huwa karibu na mishipa ya fahamu ya mdomo na ulimi. Mishipa hiyo ikiguswa, mgonjwa huweza kuhisi ganzi kwenye mdomo wa chini, kidevu au ulimi. Ganzi hiyo kwa kawaida huisha baada ya wiki au miezi, lakini kwa wachache hudumu. Mizizi ikiwa karibu mno na mshipa, daktari huweza kukata kichwa cha gego na kuiacha mizizi.

Hatari nyingine ni donge la damu linaloziba tundu kutoka kabla ya wakati, na kuuacha mfupa wazi. Maumivu yake makali huanza siku chache baada ya kung'olewa, na wavutaji sigara huathirika zaidi.

Kuacha si kusahau

Anayeamua kuliacha gego anapaswa kulipiga mswaki vyema na kukaguliwa na daktari wa meno mara kwa mara. Kwa hiyo, anayeishi mbali na huduma hiyo, au asiyemudu gharama zake, hana budi kulizingatia hilo pamoja na daktari wake. Ni vyema pia aulize: gego hili lina ugonjwa gani sasa, liko karibu kiasi gani na mshipa wa fahamu, na likiachwa litakaguliwa lini?

Uvimbe unaosambaa shingoni, homa, kushindwa kufungua kinywa, au taabu ya kumeza na kupumua ni dalili za hatari. Mwenye dalili hizo anapaswa kufika hospitali bila kuchelewa.