Sindano ya sikio ilianza na sumu

Haya wadau, leo naacha habari za bumu na foleni ya kantini. Nawapigia stori ya sindano inayopita kwenye ngoma ya sikio. Najua mmeshasisimka mwili, vumilieni tu.

Njia hiyo haikuanza kwa ajili ya kumrudishia mtu usikivu. Mwaka 1956 daktari wa Marekani, Harold Schuknecht, alikuwa anahangaika na wagonjwa wa Ménière, wale ambao dunia inawazunguka mpaka wanatapika. Streptomaisini, dawa ya TB, ilishajulikana kuwa inaharibu sikio la ndani. Yeye akautumia ubaya huohuo: akaiingiza sikioni makusudi ili iue sehemu ya mizani. Kizunguzungu kikaisha, ila usikivu nao mara nyingi ukaenda na maji.

Steroidi zilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1980 Wilson, Byl na Laird walitoa utafiti juu ya watu waliopoteza usikivu ghafla. Waliopewa vidonge vya steroidi, asilimia 61 walipata nafuu. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 32. Wagonjwa wote 67. Jamani, 67! Lekcha yetu moja ina watu zaidi ya hao, na madaktari dunia nzima wakategemea namba hizo kwa miongo. Halafu itazameni hiyo 32: karibu theluthi wanapona wenyewe, ndiyo maana kila muuza mafuta ya sikio ana mashahidi wake.

Mwaka 1991 Itoh na Sakata wa Japan wakapitisha deksamethasoni kwenye mlango uleule wa Schuknecht. Mwaka 1999 Lorne Parnes na wenzake, Kanada, wakapima kwa simbilisi: dawa ikiwekwa nyuma ya ngoma ya sikio, inajaa sikio la ndani kuliko ikipitia mdomoni au kwenye mshipa. Sababu ni kwamba sikio la ndani lina ukuta unaozuia vitu vingi vya kwenye damu, lakini lina pia dirisha la duara, kiwambo chembamba ambacho dawa ikikituamia inapenya. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa ubavu karibu nusu saa, na anaambiwa asimeze mate ovyo.

Mimi nilianza kuyasoma haya kwa sababu ya mjomba. Ana kisukari. Mwaka jana aliamka sikio la kushoto limezima, linavuma tu. Zahanati moja wakamwambia ni nta, wakampa matone, wiki mbili zikakatika hivihivi. Alipomfikia mtaalamu, vidonge vya steroidi vingempandisha sukari, basi akachomwa sikioni mara nne. Sasa anasikia simu ikiita, ila maneno bado yanamchanganyikia.

Nyumbani wakasema amepewa tiba ya daraja la pili. Si kweli. Mwaka 2011 Steven Rauch na wenzake, Marekani, waligawa wagonjwa 250, wengine vidonge, wengine sindano nne. Baada ya miezi miwili wa vidonge walikuwa wamerudisha desibeli 30.7, wa sindano 28.7. Hapo hakuna cha kubishania. Tatizo la mjomba lilikuwa kalenda. Mwongozo wa Marekani wa 2019 unaweka steroidi za mwanzo ndani ya wiki mbili, na sindano kwa wasiopona kati ya wiki ya pili na ya sita. Na kuongeza dozi hakufidii kitu: utafiti wa Ujerumani wa 2024 uliwapa watu dozi kubwa, masikio hayakusikia zaidi, sukari na presha zikapanda.

Kinachoniuma ni kwamba kutofautisha nta na neva hakuhitaji mashine. Vuma "mmmm" mdomo umefungwa. Sikio likiwa limezibwa, sauti huelemea upande huohuo mbovu; neva ikiwa ndiyo imezima, inahamia upande mzima. Ni wazo lilelile la kipimo cha Weber, cha tangu karne ya 19. Jaribuni sasa hivi, zibeni sikio moja kwa kidole.