Kabale: neno lililotoka kwenye kupokea



Katika mikutano ya vijiji kuna maneno mawili tunayoyasikia kila mara mutu anapotaka kumfunga mwenzake kinywa: "komplo" na "infiltré". Wenye kusoma Kifaransa wanaongeza la tatu, cabale, ndiyo kusema kikundi cha watu wachache wanaokaa kwa siri kupanga mabaya. Tumeona vema tueleze hili la tatu lilitoka wapi, sababu safari yake inafanana na mambo yanayotupata sisi tunaorudi.

Neno lenyewe ni la Kiebrania, kabbalah, na maana yake ya kwanza ni "kupokea". Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, na mzizi huohuo ulitufikia kupitia Waarabu: ndio uliotupa "kubali". Kwa Wayahudi, kabbalah ilikuwa mafundisho ya ndani juu ya Mungu na Maandiko, yale ambayo mwanafunzi anayapokea kwa mwalimu wake. Katika karne ya 12 na ya 13 mafundisho hayo yalistawi sana kusini mwa Ufaransa na katika Hispania.

Hakuna aliyekuwa akipanga vita pale. Lakini watu wa nje waliona wazee wamekaa pamoja, wanasoma vitabu visivyoeleweka, na Wayahudi walikuwa tayari wakishukiwa kila mahali. Pole pole, neno la kupokea likawa neno la siri. Kisha kwa Wafaransa, cabale ikawa njama.

Kutoka Ufaransa neno likavuka bahari mpaka Uingereza. Huko, wakati wa mfalme Charles II, lilipata umaarufu mkubwa. Mfalme alikuwa na wakubwa watano wa kumshauri: Clifford, Arlington, Buckingham, Ashley na Lauderdale. Ukipanga herufi za kwanza za majina yao unapata "cabal". Watu wakacheka, na mpaka leo wengi wanaamini kwamba neno lilizaliwa pale. Si kweli. Lilikuwa likitumiwa Uingereza miaka mingi kabla yao. Zile herufi ziliangukiana tu.

Lakini sehemu inayotugusa zaidi ni hii. Siri ilikuwepo kweli. Mwaka 1670, huko Dover, Charles alifanya mapatano na Louis XIV wa Ufaransa: atapewa pesa, atamsaidia kupigana na Waholanzi, na atatangaza kwamba yeye ni Mkatoliki. Kati ya wale watano, ni wawili tu waliojua habari ya dini, Clifford na Arlington. Wale wengine watatu walifichwa. Desemba ya mwaka uleule ikaandikwa karatasi ya pili, isiyotaja dini, na wote watano wakaitia sahihi. Hii ya pili ilikuwa ya kufunika ile ya kwanza. Basi jina moja lilibebeshwa watu watano, na ndani yake walikuwemo waliodanganya na waliodanganywa. Mwenye kupanga kuliko wote, mfalme mwenyewe, herufi yake haikuwemo.

Kwetu Kongo tunajua uzito wa maneno haya. Mwaka 1966, wakati wa Pentekoste, Évariste Kimba, Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba walishitakiwa kwamba wanafanya komplo ya kumpindua Mobutu. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu mbiombio, na tarehe 2 Juni wakanyongwa mbele ya umati wa watu Kinshasa. Kati ya shitaka na kamba zilipita siku chache tu. Leo uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa unaitwa Stade des Martyrs kwa kuwakumbuka.

Sasa turudi kijijini. Familia inafika na mabunda kichwani baada ya miaka mingi ya ukimbizi. Shamba lao linalimwa na mwingine. Kabla shefu hajasikiliza mashahidi wa mpaka, mutu anasimama: "Bale ni ba-infiltré, banatumwa." Pale pale hesabu ya shamba inakwisha, na mtoto wa miaka 6 anahesabiwa pamoja na baba yake. Na sisi pia tunaorudi tunalo kosa hilo: tukikosa shamba, tunasema kijiji kizima kilifanya komplo, hata yule mama jirani aliyetutunzia mti wa parachichi.

Hatusemi kwamba njama hazipo. Katika nchi yetu zimeua watu wengi. Ndiyo maana zinapaswa kutajwa kwa usahihi. Mutu akileta neno hilo mbele ya komite, aulizwe: Ni nani, kwa jina lake? Alifanya nini, siku gani? Nani aliona? Akijibu, jambo lipelekwe kwa wenye mamlaka. Asipojibu, lisiandikwe katika ripoti, na mkutano urudi kwenye shamba: mpaka uko wapi, nani alipanda, nani anakumbuka.

Tunawaomba wakubwa wa komite wasome karatasi hii kwa sauti kwenye mkutano ujao, ili nao wasiojua kusoma wasikie.