JINA LILILOKUWA HATARI UNGUJA LIKAWA VIZA YA MUSCAT

Ukipita Kisarawe siku hizi, kuanzia pale mjini mpaka vijiji vya ndani kama Marui, au ukitokea upande wa Kibaha pale Maili Moja, stori ya Uarabuni haikosekani. Kuna binti anasubiri viza ya kazi za ndani. Kuna kaka kakamilisha kila kitu, pasi anayo, vipimo kapima, wakala anamwambia "wiki ijayo", na hiyo wiki ijayo sasa ina miezi minne. Mchongo wenyewe mara nyingi ni wa Oman.

Kinachosahaulika ni kwamba zaidi ya nusu karne iliyopita kulikuwa na foleni nyingine ya kwenda Oman hiyohiyo. Safari ile haikuwa ya kwenda kufua na kupika. Waliokuwa wanasubiri ni walimu, makarani, manesi, wahasibu, mafundi mitambo, watu wenye vyeti vyao safi kabisa. Na walipofika mlangoni, swali la kwanza halikuwa "una ujuzi gani?" Waliulizwa: wewe mtoto wa nani, na ukoo wenu unatoka kabila gani la Oman?

Ili kuelewa swali hilo inabidi kurudi nyuma kidogo. Karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja. Oman na Zanzibar zikawa dola moja mpaka mwaka 1861, Waingereza walipozigawa rasmi kuwa dola mbili. Lakini watu hawakugawanyika. Waoman waliendelea kuja kwa majahazi na pepo za kaskazi, wakaoa, wakazaa, wengine wakaenda bara mpaka Tabora, Ujiji, na kuvuka kuingia Burundi, Rwanda na Kongo. Na usidhani wote walikuwa mabwana wa mikarafuu. Wapo waliokuja karne ya 20 hawana kitu, wenyeji wakawaita Wamanga, wakafungua viduka vyao vya shamba wakauza chumvi na mafuta ya taa.

Watoto wao walisoma shule za Unguja wakati wa Mwingereza. Nyumbani Kiswahili, madrasa Kiarabu cha kusomea Qurani, darasani Kiingereza. Kizazi kikatoka pale kikiwa na elimu ya ofisini kabisa: kupiga chapa, kufunga hesabu, kuandika ripoti, kufundisha, kuuguza.

Halafu ikaja Januari 12, 1964.

Mapinduzi yalimwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah, na katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa, wakiwemo wengi wenye asili ya Kiarabu. Idadi inabishaniwa mpaka leo, na ubishi wenyewe huwa mkali. Ambacho hakina ubishi ni kwamba kuanzia hapo jina la ukoo wa Kioman halikuwa kitu cha kujitangazia mtaani. Mtu aliyekuwa anajivunia kuitwa al-fulani alijifunza kuishia kwenye jina la baba na kunyamaza. Kutoka kisiwani nako kukawa na masharti. Waliokosa kibali walitoka usiku kwa ngalawa na mashua kuelekea Tanga, Mombasa au mwambao wa Mrima, na si wote waliofika.

Sasa mtu angesema, si waende tu kwao Oman? Hapo ndipo kasheshe lilipokuwa.

Oman ya wakati huo ilikuwa chini ya Sultan Said bin Taimur, na ilikuwa nchi iliyojifungia kwelikweli. Malango ya mji wa Muscat yalifungwa usiku, na ukitembea baada ya hapo ulitakiwa kubeba taa. Kusafiri kulihitaji ruhusa, na aliyetoka kwenda kusoma bila ruhusa alijua anaweza asirudi. Mtawala huyo hakutaka maelfu ya watu wasomi, waliozoea magazeti, vyama vya siasa na uchaguzi, waje kumchanganyia raia zake. Wachache walipokelewa. Wengine wakatawanyika: Dubai, Kuwait, Cairo, London, na wengi tu wakabaki Mombasa, Dar es Salaam na Unguja kwenyewe. Huko waliko walifanya kazi, wakasoma zaidi, wakaoa. Kusubiri kwao hakukuwa na fomu wala namba ya foleni. Nchi waliyoambiwa siyo yao ndiyo waliyoijua, na nchi waliyoambiwa ni yao ilikuwa haiwataki.

Ilipofika Julai 23, 1970, upepo ukageuka. Qaboos bin Said alimpindua baba yake akashika nchi. Mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa nje tangu 1967, kwa hiyo hela ilikuwepo. Watu ndio hawakuwepo. Nchi nzima ilikuwa na shule tatu za kisasa, wanafunzi kama 900, wote wavulana. Barabara ya lami ilikuwa kama kilomita 10. Chuo kikuu cha kwanza, kile chenye jina la Qaboos mwenyewe, kilifunguliwa 1986, yaani miaka 16 mbele. Ukitaka kuendesha wizara, hospitali, polisi, benki na kampuni ya mafuta kwa wakati mmoja, makarani utawatoa wapi?

Qaboos akatoa wito: Waoman mlioko nje, rudini nyumbani mjenge nchi.

Wito huo ulifika Cairo, ukafika London, ukafika baraza za kahawa za Mombasa na vyumba vya ndani vya Unguja ambako redio ilisikilizwa kwa sauti ya chini. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, lile jina la ukoo lililofichwa likatolewa, likafutwa vumbi. Jina lilelile lililoweza kumuua mtu 1964 sasa lilikuwa ndiyo tiketi.

Ila tiketi yenyewe ilihitaji kugongwa muhuri. Ili utambulike kuwa Muoman, ulitakiwa kuonyesha kwamba asili yako ni kabila fulani la kule, na wa kuthibitisha ni shekhe wa kabila hilo. Sasa piga picha. Mtu kazaliwa Malindi ya Unguja, hajawahi kuona mtende wa Oman hata mmoja, anatakiwa aeleze babu wa babu yake alitoka kijiji gani. Shekhe mwenyewe yuko bara ya Oman, sehemu kama Sharqiyya, ambako barabara haijafika. Barua inaandikwa, inasafiri, inangoja mtu wa kuibeba. Bibi mmoja mzee ndani ya nyumba, ambaye kwa miaka alionekana anapiga porojo tu za marehemu, ghafla anakuwa mtu muhimu kuliko vyeti vyote vya Cambridge, kwa sababu yeye ndiye anayekumbuka majina saba ya kwenda juu.

Na hapa ndipo pa kusimama kidogo, kwa sababu hadithi hii husimuliwa sana kama hadithi ya wasomi waliorudi kujenga nchi. Ni kweli, lakini ujuzi peke yake haukumpitisha mtu. Ukoo ulihesabiwa kwa baba. Aliyezaliwa na baba wa asili ya Oman na mama Mmakunduchi, Mnyamwezi au Mmanyema, mlango kwake ulikuwa wazi. Aliyezaliwa na mama wa asili ya Oman na baba Mswahili, hakuwa na kabila la kutaja. Hao wawili wanaweza kuwa mtu na binamu yake, wamelelewa nyumba moja, wamekula sinia moja. Vivyo hivyo kwa waliokaa dawati moja, wakafanya mtihani mmoja, wakapata cheti kimoja. Mmoja akaitwa Muscat, mwenzie akabaki kumsindikiza bandarini. Oman ilikuwa na njaa ya walimu, lakini si kila mwalimu.

Waliopita wakafika. Kumbe kufika nako ni mwanzo wa mtihani mwingine.

Kazini walikuwa moto. Kampuni ya mafuta iliendeshwa kwa Kiingereza, na wao Kiingereza walikuwa nacho. Polisi, wizara, mabenki, hospitali, kote walihitajika. Wanawake waliotoka Zanzibar wakiwa wamesoma walikuwa miongoni mwa Waoman wa kike wa mwanzo kabisa kuonekana maofisini. Kwa mwenyeji wa Muscat aliyezoea kwamba mtoto wa kike haendi hata shule, kumkuta mwanamke nyuma ya meza anauliza "nikusaidie nini?" lilikuwa jambo la kusimulia nyumbani.

Shida ilianza jioni, kwenye kutembeleana.

Chukua kahawa. Unguja kahawa ni ya baraza: muuzaji anapita na dele lake, unakunywa, unalipa, mnaendelea kubishana. Oman kahawa ni adabu yenye sheria zake. Kwanza tende au halua. Kikombe unapokea kwa mkono wa kulia. Ukimaliza na hutaki tena, unakitikisa kidogo ndipo unakirudisha. Usipotikisa, mmiminaji anajua bado unataka, anakujazia. Ni rahisi kuona mgeni asiyejua akinywa mpaka macho yanamtoka, huku anaona haya kusema basi.

Halafu chetezo. Udi Waswahili wanaujua vizuri sana, harusi gani itakosa? Lakini kwa Waoman chetezo kikishapitishwa kwa wageni, maana yake mazungumzo yameisha, mtu afukize nguo zake aage. Mgeni anayefurahia harufu na kuendelea kupiga stori hajatukanwa na mtu, ila kila mtu chumbani anamwangalia.

Kitu kimoja hakikuwapa taabu, nacho ni salamu ya kuulizana habari. Bara ya Oman mgeni akifika anaulizwa rasmi kuna habari gani, na jibu la kwanza ni kwamba hakuna, kheri tupu, hata kama ana msiba mfukoni. Mambo yenyewe huja baadaye, taratibu. Mswahili aliyekua na "habari za nyumbani?" "nzuri" halafu "ila mzee amefariki" alielewa mara moja. Pengine hiyo ndiyo desturi pekee ambayo hawakuhitaji kufundishwa.

Mavazi pia yalikuwa nusu yanafanana. Kanzu ilibadilika ikawa dishdasha yenye kishada shingoni kinachotiwa manukato, na kazini serikalini ndiyo vazi rasmi. Kofia ya kudarizi ni ndugu kabisa wa ile ya Unguja. Tatizo ni jina lake. Waoman wanaiita kwa neno ambalo Mswahili mwenye heshima zake hawezi kulitamka mbele ya mama mkwe, na dukani watu walilazimika kulitamka kwa sauti. Katafute mwenyewe.

Lugha ndiyo iliyouma zaidi. Kiarabu cha madrasa hakikutosha kugombana na fundi bomba. Nyumbani waliendelea na Kiswahili, na sokoni wakasikika. Wenyeji wakawapa jina: Zinjibari, yaani Wazanzibari. Hata aliyetoka Tabora au Bujumbura, ambaye Unguja kaiona kwenye ramani tu, akaitwa hivyohivyo. Waliotokea maziwa makuu walikuwa na mzigo wa ziada, kwa sababu waliosoma huko Burundi na Rwanda walisoma Kifaransa, na ofisi za Muscat zilitaka Kiingereza.

Sasa ona mkanganyiko wa watu hawa. Unguja walifukuzwa kwa kuwa Waarabu. Oman wakanong'onwa kwamba ni Waafrika waliokuja kuchukua nafasi nzuri za kazi. Kwenye posa ndiyo ilionekana wazi, maana huko hadhi ya ukoo inapimwa kabla ya ndoa, na kijana mwenye kazi nzuri na gari aliweza kujibiwa kwa upole kabisa kwamba binti bado mdogo. Basi wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakapikiana wali wa nazi katika nchi ambayo minazi iko kusini tu, Dhofar. Mandazi yakaingia Muscat, na mishkaki ya barabarani pale inaitwa mishkak mpaka leo, ingawa nani alimfundisha nani kuichoma ni ubishi usio na mwisho.

Wajukuu wao sasa Kiarabu kinawatoka kama maji. Kiswahili wengine wanakisikia tu bibi anapoongea na simu.

Na aliyesubiri kuliko wote hakuwa karani wala nesi. Sultani Jamshid, yule aliyepinduliwa 1964, alitua Uingereza akaishi Portsmouth. Wito wa 1970 haukumhusu. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha enzi, hata kikiwa cha nchi nyingine, ni mgeni mzito kumpokea, na Oman haikumruhusu kuhamia. Ukoo wake haukuhitaji shekhe wa kuuthibitisha, ni ule ule wa Al Busaidi unaotawala Muscat. Qaboos alifariki Januari 2020, na Septemba mwaka huohuo ndipo Jamshid akaruhusiwa kuingia, akiwa na miaka kama 91. Alikaa Oman miaka minne, akafariki Desemba 30, 2024.