Akiba ya Mfanyakazi ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli, lakini hawakutuonya kwamba akiba aliyoiweka mtu yaweza kuwa mali ya mtu mwingine. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kila mwezi kwa miaka ishirini huamini kwamba siku atakapozihitaji fedha zake atazikuta. Msikilizaji, hebu tuitazame historia ya mpango mmoja wa akiba wa watumishi wa umma huko Marekani, tuone imani hiyo ilijaribiwa vipi.

Mpango wenyewe ni wa malipo yaliyoahirishwa. Mtumishi wa jimbo, wa mji au wa kaunti, awe polisi, mzimamoto au karani, hukubaliana na mwajiri wake kwamba sehemu ya mshahara isilipwe sasa, bali iwekezwe na kulipwa baadaye. Ni nyongeza juu ya pensheni yake. Faida yake kubwa ni kwamba fedha hizo hazitozwi kodi ya mapato mpaka atakapozichukua. Mwaka 1978 mamlaka ya kodi ilitaka kuibana mipango hiyo. Bunge la nchi hiyo likaingilia kati na kuipa kifungu chake katika sheria ya kodi, yaani Kifungu cha 457. Mtumishi akaruhusiwa kuahirisha hadi dola 7,500 kwa mwaka, au theluthi moja ya mapato yake, kile kilichokuwa kidogo.

Hata hivyo ruhusa hiyo ilikuja na sharti zito. Ili mtumishi asihesabiwe kuwa amekwisha kuupokea mshahara huo, fedha zilibaki kuwa mali ya mwajiri. Yeye alikuwa na ahadi tu. Mwajiri akifilisika, mtumishi angesimama kwenye mstari mmoja na wadai wengine.

Kuzitoa nako hakukuwa rahisi. Aliyekuwa bado kazini aliruhusiwa kuchukua fedha kwa dharura isiyotazamiwa, kama vile maradhi ya ghafla au kuharibikiwa na mali kwa ajali. Kanuni zilitamka waziwazi kwamba kumpeleka mtoto chuoni au kutaka kununua nyumba si dharura. Hapana shaka wengi waliona uchungu, maana hayo ndiyo mambo yanayomfanya mzazi aweke akiba.

Kisha ikaja tarehe 6 Desemba 1994. Siku hiyo Orange County, kaunti tajiri katika jimbo la California, ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba imefilisika. Mweka hazina wake, Robert Citron, alikuwa amekopa fedha nyingi na kuzifanyia biashara kwa matumaini kwamba viwango vya riba vitabaki chini. Mwaka huo riba ikapanda, na hasara ikazidi dola bilioni 1.6. Ndipo watu wakakumbuka lile sharti la sheria. Akiba iliyoahirishwa na watumishi wa kaunti hiyo, ambao hawakuwa na kauli katika biashara ya mweka hazina, ilihesabiwa kisheria kuwa mali ya kaunti iliyofilisika!

Bunge halikuweza kulinyamazia jambo hilo. Tarehe 20 Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyoagiza kwamba akiba katika mipango ya serikali iwekwe chini ya udhamini, kwa manufaa ya watumishi na warithi wao peke yao. Mipango ya zamani ilipewa muda hadi tarehe 1 Januari 1999 kutekeleza agizo hilo. Tangu hapo wadai wa mwajiri hawana haki ya kuigusa.

Milango ya kuzitoa nayo ikafunguliwa kidogo kidogo. Sheria ya mwaka 2001 ilimruhusu anayeacha kazi ya serikali kuhamishia akiba yake katika mipango ya aina nyingine, na sheria ya Desemba 2019 ikaruhusu mipango kumlipa aliye bado kazini akifikisha miaka 59 na nusu, badala ya 70 na nusu. Aliyeacha kazi mapema hatozwi ile adhabu ya asilimia 10 inayowakabili wengi wa wenye akiba za sekta binafsi. Lakini na awe mwangalifu. Akizihamishia fedha hizo katika akaunti ya aina nyingine, zinaingia chini ya masharti ya huko, na adhabu yaweza kumkuta.

Wala kinga hiyo haikumfikia kila mtu. Mipango ya kifungu hicho hicho katika hospitali na mashirika yasiyo ya serikali, ambayo huwekewa wakubwa na wenye mishahara minono, haikuguswa na sheria ya 1996. Akiba yao hadi leo ni mali ya mwajiri.

Mara nyingi mfanyakazi huuliza swali moja tu: nitazitoa lini? Swali hilo ni la haki, lakini si la kwanza. Aanze kuuliza fedha zimewekwa kwa jina la nani, nani anazisimamia, na mwajiri akianguka nani atazidai. Watumishi wa Orange County walipata majibu siku ambayo kaunti yao ilikuwa mahakamani. Ni heri kuuliza mapema, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.